Mweka hazina wa harusi na jedwali lake: jinsi ya kutenganisha ahadi na fedha

Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi huwa kitamu. Soda zinafunguliwa, mwenyekiti anapatikana kwa makofi, daftari linazunguka na kila mtu anaandika ahadi yake. Saa tatu usiku katibu anasoma jumla: milioni kumi na sita. Makofi tena. Asubuhi yake mwenye ukumbi anapiga simu akitaka malipo ya awali, na mweka hazina akiangalia salio anakuta laki tatu na nusu.

Ahadi ni deni, sawa, lakini sijawahi kukutana na mwenye ukumbi anayepokea deni. Bajeti ya harusi zetu hupangwa kwa ahadi na hulipwa kwa fedha, na kamati nyingi zinazokwama hukwama kwa kuvichanganya hivyo viwili. Jedwali la Excel au Google Sheets litakusaidia mambo mengi, ila kazi yake kubwa ni hiyo moja: ahadi ikae kwake, fedha ikae kwake, na kila mjumbe aone umbali uliopo kati yao.

Mara ya kwanza nilipopewa uweka hazina, hapa Dar es Salaam, nilitumia daftari pamoja na ile orodha ya WhatsApp ambayo kila mtu anainakili na kuongeza jina lake chini. Binamu wa bwana harusi alituma mchango wa shangazi yake kwa simu yake mwenyewe. Nikauandika kwa jina la binamu, kesho yake shangazi akaniuliza kama umefika, nikauandika tena kwa jina lake. Laki moja ya hewa. Hazikuwa hizo peke yake, na wiki ya harusi niliingia mfukoni kumalizia malipo ya MC. Tangu siku hiyo sishiki hazina ya mtu bila jedwali.

Mwongozo huu ni kwa harusi ya kamati na michango kama tunavyoifanya Tanzania. Ikiwa yenu ni nikahi na pilau la nyumbani, mpangilio ni uleule. Badala ya bei ya sahani utaweka kilo za mchele na nyama, na mpishi ndiye atakayekwambia kilo moja inalisha wangapi.

Kabla hujaandika jina hata moja

Napendelea Google Sheets kuliko Excel ya kwenye kompyuta kwa sababu moja tu: simu. Mchango unaingia ukiwa kwenye daladala, na usipouandika hapohapo utausahau. Kwenye programu ya simu, washa uwezo wa kufanya kazi bila intaneti kwa faili hilo, ili bando likiisha uendelee kuandika.

Halafu rekebisha mambo matatu. Kwanza, kwenye mipangilio ya faili badilisha nchi kutoka Marekani, kama ndiyo iliyopo, uweke Uingereza. Usipofanya hivyo, tarehe 05/08 ambayo wewe unaisoma tano Agosti, jedwali litaisoma Mei nane. Pili, safu ya namba za simu iwe ya maandishi matupu, vinginevyo ile sifuri ya mwanzo itaondoka na 0712 itabaki 712.

La tatu ndilo linaloangusha watu wengi. Sisi tumezoea kuandika 50,000/= na jedwali halielewi hiyo alama ya mwisho. Linaiona kama neno, na fomula ya SUM hurukaruka maneno bila kukuambia lolote. Unaweza kuwa na michango ishirini kwenye safu na jumla ikahesabu kumi na saba. Andika 50000 peke yake, acha jedwali liweke mkato. Ukitaka kujua kama seli ina namba kweli, tazama inavyoegemea: namba huenda kulia, maneno hukaa kushoto. "50k" na "laki" nazo ni maneno.

Karatasi tano

Ndani ya faili moja tengeneza karatasi tano, kila moja kwa jina la neno moja lisilo na nafasi, maana nafasi kwenye jina huleta usumbufu kwenye fomula: MUHTASARI, AHADI, MAPATO, BAJETI, MATUMIZI. Katika MAPATO na MATUMIZI utakuwa unaandika kila siku. AHADI na BAJETI utazijaza mara moja kisha zijisasishe zenyewe. MUHTASARI ndiyo utakayowaonyesha watu.

Kanuni moja kwa karatasi zote isipokuwa MUHTASARI: usiweke mstari wa jumla chini. Fomula zetu zinajumlisha safu nzima, na mstari wa jumla ukiwemo utahesabiwa nao, kila kitu kitakuwa mara mbili.

AHADI: kila mchangiaji mstari mmoja

Safu zake, kuanzia A: namba ya mchangiaji, jina, simu, mfuatiliaji, ahadi, amelipa, baki, kadi, wito.

Namba ya mchangiaji ni 1, 2, 3 na kuendelea, na mtu akishapewa hiyo haibadiliki. Inaonekana urasimu, lakini majina yetu hayaaminiki kwa kazi ya hesabu. Mtu mmoja ni Mama Neema kwenye kikao, ana jina jingine kwenye simu yake, na laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mumewe. Namba inamaliza ubishi wote huo. Ile laki moja yangu ya hewa isingepita hapa, kwa sababu ningelazimika kuamua ni ya namba ngapi.

Mfuatiliaji ni mjumbe wa kamati anayemfahamu mchangiaji na ndiye atakayemkumbusha. Usiache hata mstari mmoja bila mfuatiliaji; ahadi isiyo na mtu wa kuifuata ni kama haipo.

Safu ya "amelipa" huiandiki kwa mkono. Weka hii kwenye F2 kisha iburute hadi chini:

=SUMIF(MAPATO!C:C,A2,MAPATO!D:D)

Maana yake: nenda kwenye MAPATO, tafuta kila mahali namba ya mtu huyu ilipo, jumlisha alivyotoa. Anayelipa kwa awamu tatu atajijumlisha mwenyewe.

Kwenye "baki" utashawishika kuandika E2-F2. Usifanye. Andika:

=MAX(0,E2-F2)

Wapo wanaotoa zaidi ya walivyoahidi, na wapo wasioahidi chochote halafu wanatuma. Ukitoa moja kwa moja, watu hawa wanapata baki yenye alama ya kutoa, na ziada yao inafunika deni la wengine kwenye jumla. Aliyeahidi elfu hamsini akatoa laki moja ni wa kushukuriwa, lakini ukarimu wake haumfutii jirani yake ahadi.

MAPATO: andika pesa inapoingia, si inapotajwa

Safu: tarehe, njia, namba ya mchangiaji, kiasi, namba ya muamala, jina. Njia ni orodha ya kuchagua (dropdown): M-Pesa, Airtel Money, benki, taslimu, chochote mnachotumia. Jina lijiandike lenyewe ili ujue hujakosea namba:

=IFERROR(VLOOKUP(C2,AHADI!A:B,2,FALSE),"")

Namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa malipo ndiyo kinga yako dhidi ya kuandika mara mbili. Chagua safu E kuanzia E2, nenda kwenye uumbizaji wa masharti (Conditional formatting), weka fomula hii na rangi nyekundu:

=AND($E2<>"",COUNTIF($E$2:$E$1000,$E2)>1)

Muamala ukiingia mara mbili, seli zote mbili zinawaka. Picha ya skrini ambayo mtu anakutumia WhatsApp si mapato. Mapato ni ujumbe ulioingia kwenye simu yako au salio la benki, na hapo usimwonee mtu aibu.

Ukihamisha fedha kutoka M-Pesa kwenda benki, usiiandike kama matumizi. Weka mistari miwili humuhumu: M-Pesa −500000, benki 500000, bila namba ya mchangiaji. Jumla haitabadilika, ila kila mfuko utasoma sahihi.

BAJETI: hapa ndipo vikao huwa virefu

Safu: kifungu, idadi, bei ya kimoja, makisio, bei tuliyokubaliana, tumelipa, tunadaiwa, tarehe ya mwisho, daraja.

Makisio ni idadi mara bei. Sasa nichukue mfano wa wageni 200. Namba ni za kuonyesha mahesabu tu, bei za kwenu mtazipata kwa kuuliza. Ukumbi 2,500,000. Chakula sahani 200 kwa 25,000, yaani 5,000,000. Vinywaji 200 kwa 10,000, yaani 2,000,000. Mapambo 2,000,000. MC na muziki 1,500,000. Picha na video 1,500,000. Keki 500,000. Usafiri 600,000. Kadi 150 kwa 2,000, yaani 300,000. Makato ya miamala 100,000. Dharura 1,500,000. Jumla 17,500,000.

Angalia vifungu viwili vinavyofuata vichwa vya watu: chakula na vinywaji. Usiandike 200 kwenye mistari hiyo. Iweke mara moja tu, kwenye seli B1 ya MUHTASARI, na kwenye idadi ya chakula na ya vinywaji andika:

=MUHTASARI!$B$1

Kisha ngoja kile kikao ambacho mjomba atasema "tuongeze watu kumi na tano tu, ni ndugu." Badilisha 200 iwe 215 mbele ya macho yao. Bajeti inapanda kwa 525,000 papo hapo. Hujasema neno, hujamkatalia mtu ndugu zake. Umeuliza tu nani anaongeza hiyo laki tano na ishirini na tano.

Tumelipa inatoka kwenye MATUMIZI:

=SUMIF(MATUMIZI!B:B,A2,MATUMIZI!D:D)

Na tunadaiwa hutumia bei ya makubaliano ikiwepo, la sivyo hutumia makisio:

=IF(E2="",D2,E2)-F2

Dharura ni kifungu kama vingine. Mpambaji akipandisha laki mbili na kamati ikakubali, ongeza laki mbili kwenye bei ya mapambo na upunguze laki mbili kwenye dharura, siku hiyohiyo. Dharura isiyopunguzwa ni fedha mnayoitumia mara mbili.

Daraja ni 1, 2 au 3. Moja ni vitu ambavyo bila hivyo hakuna sherehe: ukumbi, chakula, usafiri wa maharusi. Mbili ni vile ambavyo vinaweza kupunguzwa, kama mapambo na vinywaji. Tatu ni raha: matarumbeta, ndafu, keki ya ghorofa nne. Pangeni madaraja kwenye kikao cha kwanza wakati kila mtu bado anacheka. Kuyapanga wiki mbili kabla ya harusi ni ugomvi mtupu, hasa kati ya upande wa bibi harusi na upande wa bwana harusi.

Kwa tarehe za mwisho, tumia tena uumbizaji wa masharti, rangi ya chungwa, kwenye mistari yote:

=AND($G2>0,$H2<>"",$H2-TODAY()<=7)

Kila deni lililobakiza wiki moja litajionyesha.

MATUMIZI

Tarehe, kifungu, aliyelipwa, kiasi, njia, risiti. Kifungu kiwe orodha ya kuchagua inayotoka BAJETI safu A. Ukikiandika kwa mkono siku moja utaandika "Mapambo" na siku nyingine "mapambo ya ukumbi", na la pili halitaonekana popote. Makato ya kutuma fedha yapewe mstari wake kila yanapotokea. Ni madogo madogo, lakini malipo thelathini ya simu yanakusanya kitu.

Amana za kurudishwa, kama ya uharibifu wa ukumbi au ya makreti na chupa tupu, ziwe na kifungu chake. Zikirudi, ziandike humu kwa alama ya kutoa, kisha weka sifuri kwenye bei ya makubaliano. Soda za chupa huja 24 kwa kreti. Hesabu chupa tupu usiku uleule kabla vijana hawajaondoka.

MUHTASARI: namba nne zinazotosha

B1 ni idadi ya wageni. B2 ni sehemu ya ahadi zilizobaki unayoamini italipwa. Mimi huanza na 70%, si kwa utafiti wowote, ni uoga wangu tu. Wewe weka unavyoijua familia. Halafu:

Fedha mkononi, B4: =SUM(MAPATO!D:D)-SUM(MATUMIZI!D:D)

Ahadi zilizobaki, B5: =SUM(AHADI!G:G)

Tunachodaiwa, B6: =SUM(BAJETI!G:G)

Hali halisi, B7: =B4+B5*B2-B6

Turudi kwenye mfano. Ahadi ni 16,000,000. Zimeingia 9,200,000, na ahadi zilizobaki ni 7,100,000 kwa sababu wachache walizidisha laki tatu. Mmelipa 4,000,000, kwa hiyo mkononi kuna 5,200,000 na mnadaiwa 13,500,000. Mwenyekiti mwenye matumaini atajumlisha mkononi na ahadi zote, atoe madeni, aone upungufu wa 1,200,000, aseme "Mungu atasaidia." Jedwali lenye 70% linasema upungufu ni 3,330,000. Tofauti ya hapo ni mapambo yote na kipande cha keki. Afadhali mlisikie hilo ikiwa imebaki miezi miwili.

Chini yake ongeza seli moja ya daraja la kwanza:

=SUMIF(BAJETI!I:I,1,BAJETI!G:G)

Msimamo wangu kwenye kamati ni huu: fedha mkononi ikiwa ndogo kuliko seli hiyo, hatusaini mkataba wowote wa daraja la tatu. Hata kama punguzo linaisha leo.

Mwisho weka seli mbili za ulinzi, zote zinapaswa kusoma sifuri:

=SUM(MAPATO!D:D)-SUM(AHADI!F:F)

=SUM(MATUMIZI!D:D)-SUM(BAJETI!F:F)

Ya kwanza ikisoma 50,000, kuna mchango uliopewa namba isiyo ya mtu au haujapewa kabisa. Ya pili ikisoma chochote, kuna kifungu kimeandikwa vibaya.

Jumapili jioni

Kila Jumapili nachukua nusu saa. Naangalia salio la kila njia kwenye simu, nahesabu noti za kwenye bahasha, nalinganisha na fomula ya kila mfuko, kwa mfano:

=SUMIF(MAPATO!B:B,"Taslimu",MAPATO!D:D)-SUMIF(MATUMIZI!E:E,"Taslimu",MATUMIZI!D:D)

Hitilafu ya wiki moja unaikumbuka. Ya wiki sita utailipa mwenyewe, au mbaya zaidi, watu watasema umekula.

Mwenyekiti na katibu wapewe kiungo cha kusoma tu. Kwenye kundi la WhatsApp peleka majina ya waliotoa na jumla, basi. Kuanika baki za watu hadharani kunaleta fedha kidogo na kinyongo kingi, na namba za simu za watu si mali ya kundi.

Kukumbusha kufanywe na mfuatiliaji, kwa meseji ya mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo safu ya "wito" inapopata kazi. Ndani yake andika salamu kamili kama mtu anavyostahili: "Shikamoo mjomba", "Habari dada Asha", "Shikamoo Mama Neema". Kisha, pembeni:

=I2&". Kamati inashukuru kwa ahadi yako. Salio ni TSh "&TEXT(G2,"#,##0")&". Karibu sana."

Chuja karatasi kwa jina la mfuatiliaji, chuja waliobakiza, nakili, tuma. Meseji inayomwita mjomba kwa heshima yake hulipwa mapema kuliko "Ndugu mchangiaji".

Kadi na vichwa

Kadi za singo na dabo zikianza kugawiwa, andika aina kwenye safu ya kadi na acha makisio ya wageni. Badilisha B1 iwe:

=COUNTIF(AHADI!H:H,"Singo")+2*COUNTIF(AHADI!H:H,"Dabo")

Kabla hujaifurahia, ingiza kwenye AHADI mistari ya watu wasiochangia lakini watakaokula, kwa ahadi ya sifuri, na Singo au Dabo kwenye safu ya kadi: wazazi, viongozi wa dini, wasimamizi, MC, mtu wa muziki na vijana wake, wapiga picha, madereva. Nimeona meza ya wapiga picha ikinyimwa chakula kwa sababu hawakuwa kwenye hesabu, na video ilivyokuja nyumbani ilionyesha.

Siku ya kuvunja kamati

Mpe kila mfanyabiashara salio lake kabla ya siku ya harusi au mkabidhi mtu mmoja bahasha zenye majina, kila moja ikiwa imeshaandikwa kwenye MATUMIZI. Usiku wa sherehe wewe usishike simu ya jedwali. Hutaona vizuri na utaitwa kila dakika.

Wiki inayofuata malizia amana, michango ya waliochelewa na makato ya mwisho. Hakikisha seli mbili za ulinzi zinasoma sifuri. Hifadhi MUHTASARI na MATUMIZI kama PDF kwa ajili ya kikao cha kuvunja kamati, bila simu za watu, na bakaa ikabidhiwe kwa maharusi mbele ya wajumbe na iandikwe kama mstari wa mwisho wa MATUMIZI ili fedha mkononi isome 0.

Karatasi ya AHADI wape maharusi wenyewe, nzima. Kabla mwaka haujaisha wataanza kupokea kadi za michango, na watataka kujua huyu anayewaletea kadi alitoa ngapi kwao.